Tuwaambie wakulima ukweli kuhusu mbono

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nitoe dukuduku langu juu ya wito unaorudiwa kila mara, kwamba wakulima wapande mbono kaburi, mti ambao mbegu zake hukamuliwa mafuta yasiyolika, ili ipatikane bayodizeli, yaani dizeli ya mafuta ya mimea, bila kugusa mazao ya chakula. Wito huo unausifia mti tu. Mbegu haitajwi, na kazi yote iko kwenye mbegu.

Mafuta ya mbono ni mazito, mnato wake ni karibu mara kumi ya ule wa dizeli. Ukiyamimina kwenye injini yakiwa ghafi, nozeli, vile vitundu vinavyonyunyizia mafuta ndani ya injini, zitaziba. Ndiyo maana huchanganywa na methanoli na kichocheo, mara nyingi soda kali, kwenye joto la nyuzi 60 hivi za Selsiasi. Mafuta hugawanyika: bayodizeli huelea juu, na gliserini, kimiminika kizito kinachobaki, hutuama chini.

Hayo hufanyika vizuri mafuta yakiwa safi. Lakini mbegu zikifungwa kwenye magunia kabla hazijakauka, mafuta huanza kuharibika humo humo na asidi huru, yaani asidi za mafuta zilizoachana na mafuta yenyewe, huongezeka. Ikizidi kama asilimia 2 ya mafuta, ile soda inatengeneza sabuni, gliserini inakataa kujitenga, na mtambo unabaki na uji mtupu. Ipo njia ya kuyaokoa: mafuta hupitishwa kwanza kwenye methanoli na asidi ya salfuriki. Ni gharama nyingine, na anayekatwa bei ni mkulima, ambaye hakuna aliyemweleza kwamba dizeli huanzia kwenye kuanika mbegu. Hili linaniuma sana.

Mashudu nayo yana sumu. Yanafaa kuwa mbolea, lakini mfugaji akiwapa ng'ombe wake anaweza kuwaua. Kwa nini hilo nalo halisemwi?

Tunaambiwa pia kwamba mbono huvumilia ukame. Ni kweli, huvumilia, ila kwenye ardhi kame huzaa kidogo mno. Miaka ya 2000 mashamba makubwa yalifunguliwa Afrika na Asia kwa ahadi hiyo, na mengi yakatelekezwa. Ukiutaka uzae vizuri unahitaji maji na rutuba, yaani ardhi ile ile ya chakula.

Sipingi bayodizeli. Ninachoomba ni kwamba anayewahimiza watu kupanda awape kwanza maturubai ya kuanikia, apime unyevu na asidi ya mbegu mbele yao, na bei aiandike kwenye mkataba kabla mche wa kwanza haujaingia ardhini.

Msomaji wako