Shukrani kwa mama wa kayaki ya njano

Mama uliyenivuta Jumamosi kwenye ghuba ya Bellingham, jimbo la Washington, Marekani, jina lako sikulipata, basi nakushukuru hapa mbele ya watu. Waya wa usukani wa kayaki yangu, mtumbwi mwembamba wa kasia, ulikatika, upepo ukanisukuma mbali na pwani. Ulikuja ubavuni, ukashika kayaki yangu isipinduke, ukafunga kamba, ukanivuta hadi bustani ya Marine Park, ufukweni. Hukuishia hapo: ulitoa waya wa akiba na koleo, ukaufunga, ukaukaza, na pesa ukakataa. Mbio za Ski to Sea, za timu kupokezana kutoka mlimani hadi baharini, ni Mei. Wenzangu wataanzia kwenye theluji ya Mlima Baker, na kayaki ndiyo ya mwisho kati ya zamu 7. Naisubiri kwa hamu kubwa! Wapiga kasia wenzangu, bebeni kamba ya kuvutia na waya wa akiba, hata kama chombo chenu ni kizima.