Kufuta aya si kurekebisha historia

Mhariri,

Kila ikikaribia Januari 12 hurudi malalamiko yale yale, kwamba Wikipedia imepotosha historia ya Mapinduzi ya Zanzibar. Kuna wanaosema imewabeba waliopindua, na kuna wanaosema imeandikwa kwa jicho la Sultani. Mlalamikaji huingia, hubonyeza "Hariri", hufuta aya iliyomuudhi na kuandika anachokijua. Haupiti muda, makala imerudishwa ilivyokuwa, naye huondoka akiamini kuna mkono wa mtu.

Mara nyingi hakuna mkono wowote. Wikipedia haikuulizi kama unasema kweli, inakuuliza umeyatoa wapi. Aliyeyaona kwa macho yake mwaka 1964 hana nafasi humo mpaka ushuhuda wake uchapishwe mahali panapoaminika. Kanuni hiyo inawaumiza wazee wetu na kuwanufaisha wenye nyaraka, yaani mabalozi na waandishi wa kigeni wa wakati ule. Lakini ndiyo iliyopo, na anayeijua anaweza kuitumia.

Chukua idadi ya waliouawa. Makadirio yaliyochapishwa yanaanzia mamia kadhaa hadi 20,000. Tarakimu za juu zilichochewa na matangazo ya redio ya John Okello mwenyewe, aliyeongoza mapinduzi hayo, pamoja na taarifa zilizotiwa chumvi katika vyombo vya nje. Hapo kosa la kawaida ni kuchagua tarakimu moja na kuibandika kwenye kisanduku cha pembeni, kile ambacho wengi huishia kukisoma. Sentensi inayodumu ni ile inayotaja pande zote mbili za makadirio, kila upande na tanbihi yake yenye jina la kitabu na ukurasa. Tanbihi isiyo na ukurasa ni rahisi kung'olewa.

Vivyo hivyo uchaguzi wa Julai 1963. Chama cha Afro-Shirazi (ASP) kilipata takriban asilimia 54 ya kura, lakini viti 13 tu kati ya 31. Vyama vilivyoungana dhidi yake, ZNP (Hizbu) na ZPPP, kwa pamoja vikapata 18. Anayeandika kura akaacha viti, au viti akaacha kura, hajadanganya neno hata moja na bado amempotosha msomaji.

Anayetaka kurekebisha aanze na ukurasa wa historia ya makala, aone sentensi iliingia lini na kwa chanzo gani. Akisome chanzo hicho, kwa maana si ajabu kukuta hakisemi kinachodaiwa. Kisha aende "Majadiliano", anukuu sentensi yenye tatizo, aandike anayopendekeza badala yake, ataje chanzo, na asubiri siku kadhaa. Akirudishiwa nyuma asijibizane kwa kufuta: katika toleo la Kiingereza, kutengua kazi za wengine zaidi ya mara tatu ndani ya saa 24 katika ukurasa mmoja kunatosha kufungiwa, hata ukiwa na haki.

Toleo la Kiswahili lina hatari nyingine. Wahariri ni wachache, makala nyingi zimetafsiriwa kutoka Kiingereza pamoja na makosa yake, na kosa linaweza kukaa miaka bila kuguswa. Wachache wakishikamana wanaweza pia kuliteka. Toleo la Kikroatia lilishikwa kwa takriban muongo mzima na kikundi cha wakabidhi, yaani wahariri wenye mamlaka ya kufungia wengine, wenye mrengo wa utaifa, na ripoti iliyotolewa mwaka 2021 na Wikimedia Foundation, shirika linaloendesha Wikipedia, ilieleza jinsi historia ilivyopindishwa humo.

Hapa ndipo gazeti lako linapoingia, Mhariri. Chapisheni mahojiano na wazee wa Unguja na Pemba wa pande zote, yakiwa na jina la mwandishi, tarehe na namba ya ukurasa, na matoleo ya zamani yawekwe mtandaoni yasomeke. Na tafadhali, mwandishi wenu akichukua tarakimu Wikipedia, aseme hivyo. Asiposema, kesho tarakimu hiyo hiyo itarudi Wikipedia na tanbihi inayolitaja gazeti lenu.

Msomaji wako,
Unguja