Mzee kujikojolea si kurudi utotoni

Ndugu Mhariri,

Hapa Dodoma mzee mwenye Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka, akijikojolea, watu husema amerudi utotoni. Si kweli. Ugonjwa huu hupunguza dopamini, kemikali ya ubongo, na ubongo ukashindwa kukituliza kibofu, na mkojo humbana ghafla, hasa usiku.

Kinachonitisha zaidi ni vidonge. Baadhi ya dawa za kutuliza kibofu, kama oksibutinini, huzuia asetilikolini, kemikali ambayo ubongo huitumia kutunza kumbukumbu. Mzee aliyekwishaanza kusahau anaweza kuchanganyikiwa kabisa, nasi tukasingizia uzee! Mirabegroni, dawa nyingine ya kibofu, hufanya kazi kwa njia tofauti, haizuii asetilikolini. Tena akichanganyikiwa ghafla apimwe mkojo mapema. Huenda ni maambukizi.

Tunaowapeleka kliniki tubebe vidonge vyote, hata vile vya duka la dawa pale Majengo, daktari avione.

Msomaji wako,
Area C, Dodoma