Malalamiko kuhusu sura ya nne ya kitabu chenu: hesabu za nyumba ya Hancock wa Boston

Ndugu Mkurugenzi,

Yah: Upotoshaji katika kitabu chenu cha historia ya biashara za kifamilia

Husika na somo tajwa hapo juu. Mwezi Februari nilinunua dukani kwenu nakala sita za kitabu hicho, kwa Sh 32,000 kila nakala, ili niwagawie ndugu zangu ambao tunaendesha pamoja duka la jumla la vitambaa hapa Kariakoo. Stakabadhi nimeiambatisha. Karatasi ni nzuri na jalada linapendeza. Ninalolalamikia ni sura ya nne, inayosimulia matatizo ya fedha ya nyumba ya biashara ya Hancock wa Boston, Marekani, wakati huo koloni la Uingereza, ambayo mwandishi wenu ameyatwisha karibu yote kwenye kodi za mfalme wa Uingereza, mpaka msomaji anafunga kitabu akiamini kwamba pasipo kodi nyumba ile isingetetereka.

Thomas Hancock alianza na duka la vitabu, akapanda hadi kumiliki meli, na alipofariki Agosti 1764 biashara ikaangukia mikononi mwa John, mpwa wake aliyemlea. Sura yenu inaiita biashara hiyo "tajiri isiyo na doa". Tajiri ilikuwa, lakini utajiri wake ulikuwa nje: kwenye meli, maghala, ardhi, na madaftari ya wateja wasiolipa. Meli ikishusha marobota Boston, deni lilikwishaanza kuhesabika London, kwa wakala wake Barnard na Harrison. Sisi Kariakoo tunaiita mali kauli, na mtu aliyewahi kuchukua mzigo kwa mali kauli hahitaji kuelezwa kwamba faida iliyoandikwa daftarini hailipi deni linaloiva mwezi ujao.

Swali ambalo mwandishi wenu hakujiuliza ni hili: Boston ililipa London kwa kitu gani? Haikuwa na tumbaku kama Virginia wala sukari kama visiwa vya Karibi. Thomas alipata jibu lake vitani. Alikuwa akiyauzia majeshi ya Uingereza chakula na vifaa huko Nova Scotia, naye akalipwa kwa hati za hawala zilizopokelewa London kama fedha yenyewe. Amani ilipotiwa saini mwaka 1763, mlango huo ukaanza kufungwa, na John akarithi nyumba ambayo njia yake bora ya kulipa madeni ilikuwa inakauka. Januari 1765 Nathaniel Wheelwright, mfanyabiashara aliyekuwa kama benki ya watu wa Boston, akaanguka na kuwaburuta wengine, na kila aliyekuwa akidai akaanza kudai kwa haraka. Sheria ya stempu, ile kodi ya Uingereza juu ya karatasi na nyaraka za makoloni, ilikuwa bado hata haijapitishwa. Katika kurasa kumi na nne za sura yenu, jina la Wheelwright halipo.

Mafuta ya nyangumi, ambayo mmeyapa mstari mmoja, ndiyo kiini cha habari. London iliyahitaji kwa taa, na John aliona humo mbadala wa zile hawala za jeshi. Akataka kulihodhi soko, akashindana na William Rotch wa Nantucket kwa kupandisha bei ya kununulia, halafu mapipa yakafika London bei ikiwa imeshuka. Alinunua ghali, akauza rahisi, na deni alilokusudia kulipunguza likaongezeka. Hapo hakuna mfalme wala mtoza ushuru. Ni bei, na kiburi kidogo cha kijana mwenye jina kubwa.

Sikatai kwamba kodi zilikuwepo. Lakini hata mnapozitaja mnakosea. Mnasema sheria ya fedha ya mwaka 1764 ndiyo iliyoinyang'anya Boston noti zake, ilhali New England, eneo la makoloni ambamo Boston ilikuwemo, ilikwishabanwa na sheria ya 1751. Mnasema kukamatwa kwa meli yake Liberty, tarehe 10 Juni 1768, ndiko "kulikomfilisi". Meli alinyang'anywa kweli, lakini shauri la kudaiwa kuingiza mapipa ya mvinyo wa Madeira bila kulipa ushuru, ambamo alitetewa na wakili John Adams, liliondolewa mahakamani mwaka uliofuata, na Hancock hakufilisika kamwe. Kuhusu mapatano ya wafanyabiashara wa Boston ya kupinga kodi kwa kutoagiza bidhaa nyingi za Uingereza kuanzia Januari 1769, mnayasifu kama dhabihu tupu. Niruhusuni niseme kama mwenye duka: kwa mtu ambaye ghala lake limejaa na wadai wake hawalali, mwaka mzima bila kuagiza mzigo ni nafuu.

Huenda mkaona ninabishania mambo ya kale. Jumapili ya pili ya Machi tulikuwa na kikao cha familia, kwa sababu sisi nasi tunadaiwa na muuzaji wa vitambaa vya vitenge, na mdogo wangu alisimama na nakala yenu mkononi, akasoma ukurasa wa 61 kwa sauti, kisha akasema, "Kaka, umeona? Hata Hancock ni kodi iliyommaliza." Niliposhika daftari la mikopo na kumwonesha wateja kumi na tisa ambao hawajalipa tangu mfungo uliopita, ndugu wawili walikuwa wameshakubaliana naye. Kikao kikavunjika bila uamuzi.

Kwa hiyo ninaomba mambo mawili. Kwanza, mchapishe karatasi ya masahihisho yenye kueleza hawala za jeshi, mafuta ya nyangumi na Wheelwright, na mnitumie nakala sita nizibandike ndani ya vitabu nilivyonavyo. Pili, iwapo hamko tayari kufanya hivyo ndani ya siku 30, mpokee vitabu hivyo na mnirudishie Sh 192,000 zangu. Nakala moja ina alama za kalamu ya risasi ukurasa wa 61, ambazo nimeziacha makusudi ili mhariri wenu azione.

Wako mwaminifu,

Mfanyabiashara wa vitambaa,
Kariakoo, Dar es Salaam