Barua kwa Zuhura: anayeokolewa ni aliye hai

Majengo, Pumwani,
Nairobi.

Mwanangu Zuhura,

Ama baada ya salamu, sisi huku ni wazima, ila nyanya yako magoti yanamsumbua kama ilivyo desturi yake mvua ikianza. Barua yako nimeipata, na ile karatasi ya insha pia. Unalalamika kwamba mwalimu amekukata alama bure pale ulipoandika "the divers rescued three bodies from the river". Mwalimu hakukuonea, mwanangu. Kaa kitako nikueleze, maana naona hili neno "rescue" umelipenda mno, kila aya limo.

"Rescue" ni kumtoa mtu hatarini angali hai. Maiti hana tena hatari ya kutolewa. Hata sisi hatusemi mwili umeokolewa mtoni, tunasema umeopolewa. Waingereza nao wana "recover" kwa kazi hiyo, na ndilo sentensi yako ililotaka: "the divers recovered three bodies". Ila angalia, kuopoa kwetu hakuulizi kama kinachotolewa kina uhai. Ndoo iliyozama kisimani huopolewa, na mtoto aliyetumbukia huopolewa vilevile. "Rescue" huuliza.

Mimi neno hili lilinikaa vizuri kichwani mwaka 2016. Ulikuwa mdogo, hukumbuki. Usiku wa tarehe 29 Aprili, mvua kubwa ikinyesha, jumba la ghorofa liliporomoka kule mtaa wa Huruma, hapa hapa Nairobi. Watu wapatao 50 walikufa. Nilikuwa nikifuata taarifa za Kiingereza, na hesabu zilikuwa mbili: waliookolewa upande huu, "rescued", na miili iliyopatikana upande ule, "recovered". Ile ya pili ndiyo iliyokuwa ikipanda. Kisha, baada ya saa 80 hivi, wakamtoa mtoto mchanga chini ya kifusi, amefunikwa blanketi ndani ya beseni, yu hai. Siku ya sita wakatolewa wengine wanne wakiwa hai, wakati wengi tulikuwa tumeshakata tamaa. Kwa hiyo mwandishi wa habari akikosea kati ya maneno hayo mawili, kuna jamaa wa mtu watakaokimbilia hospitali badala ya mochari, au kinyume chake. Ndiyo maana simlaumu mwalimu wako kwa kalamu yake nyekundu.

Sasa kuna kosa la pili, ambalo yeye hakuliona ila mimi nimeliona. Umeandika "the woman was rescued with the firemen". Najua umelitoa wapi: "aliokolewa na wazimamoto". Hii "na" yetu ina mambo mengi. Nikisema "Mama Rehema aliokolewa na mwanawe", wewe umeelewa nini? Kwamba mwanawe ndiye aliyemwokoa, au kwamba wote wawili walitolewa pamoja? Kiswahili kinakuachia ukisie kutokana na habari yenyewe. Tena tukiomba dua twasema "Mungu atuokoe na moto", na hapo "na" imekuwa ya kuepushwa! Kiingereza kimezigawa hizo tatu, na lazima uchague. Aliyeokoa huenda na "by": "rescued by the firemen". Aliyeokolewa pamoja nawe huenda na "with". Hatari uliyotolewa huenda na "from": "rescued from the fire". Ukiandika "rescued with the firemen", msomaji atadhani wazimamoto nao walikuwa wamekwama ndani, wakaja wengine kuwatoa.

Kabla hujaandika sentensi yenye neno hilo, jiulize: anatolewa katika nini? Ukikosa jibu, huenda "help" latosha. Mjomba wako kukununulia madaftari amekusaidia, na Mungu ambariki, lakini "rescued" ni kumpandisha cheo. Na pesa za kibubu hazikuokolewa, hizo ni "save", ingawa mtu anayezama pia waweza kusema "save". Usipotoshwe na Okoa Jahazi ya simu, ile ni mkopo wa salio tu.

Watu hulitumia kwa mzaha pia. Shoga yako akikuita wakati jirani mwenye maneno mengi amekushika barazani, sema "you rescued me", wote mtacheka. Hilo halina kosa, bora wote mjue ni mzaha.

Kulitamka, sema "reskyu", mkazo kwenye "res". Ukichomeka "i" katikati ukasema "resikyu", mkazo wetu wa Kiswahili utahamia kwenye "si" na utasikika kama mtu mwingine kabisa. Ukiongeza "ing", ile "e" ya mwisho huanguka: "rescuing".

Umeniuliza "rescue dog" ni mbwa gani. Ni wawili. Bomu lilipolipuka katika ubalozi wa Marekani hapa Nairobi tarehe 7 Agosti 1998 na jengo la jirani, Ufundi House, likaanguka, waokoaji kutoka Israeli walikuja na mbwa wa kunusa watu chini ya vifusi. Huyo ndiye wa kwanza. Wa pili ni yule aliyeokolewa mwenyewe, koko aliyetupwa au kuteswa, kama wale wanaochukuliwa na KSPCA, shirika la kulinda wanyama hapa Nairobi. Habari yenyewe itakuonyesha ni yupi.

Andika upya zile sentensi mbili uniletee kwa barua ijayo, na moja ya tatu yenye "came to the rescue", hiyo sijakufundisha makusudi. Nauli ya likizo nitaituma kupitia kwa matroni. Sweta usilisahau bwenini tena.

Wasalaam,
Mama yako