Msituletee kocha mwingine, tuonyesheni akaunti ya mishahara

Mhariri,

Timu yetu imefukuza kocha tena. Tangazo lilitoka usiku, kama kawaida, na asubuhi vijiwe vyote vya Dodoma, Majengo hadi Area C, vilikuwa vinabishana nani aje. Sisi tunaokaa mzunguko, kwenye majukwaa ya tiketi za bei ya chini, pale Uwanja wa Jamhuri tunaomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako, maana ubishi huo unatupotezea muda. Kocha hakushindwa mbinu. Mmiliki alisajili kabla ya kuwa na hela ya mishahara, na yote yaliyofuata yameanzia hapo.

Hesabu yenyewe si ngumu. Chukua timu ya kawaida kwenye ligi ya timu 16. Tuseme ina wachezaji 28, na wastani wa mshahara ni shilingi 600,000 kwa mwezi. Hapo ni 16,800,000. Ongeza 5,200,000 za benchi la ufundi, daktari, mtunza vifaa na dereva, unapata milioni 22 kila mwezi, milioni 220 kwa msimu wa miezi 10. Bado hujagusa mchango wa mwajiri kwa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ambao ni asilimia 10 ya mshahara.

Halafu kuna safari. Ligi ya timu 16 ina mechi 15 za ugenini. Dodoma hadi Mbeya kwa njia ya Iringa, kwenda na kurudi, ni kama kilomita 1,200. Basi linalokula lita 35 kwa kilomita 100 linahitaji lita 420, na dizeli ikiwa 3,000 kwa lita, hiyo ni 1,260,000. Msafara wa watu 28 wakila na kulala kwa 55,000 kila mmoja kwa siku, siku tatu ni 4,620,000. Safari moja inakaribia milioni sita kabla hujatoa posho. Ratiba ikikupa mechi mbili mfululizo za ukanda mmoja, unapumua. Za Dar es Salaam zimekuwa nafuu tangu treni ya SGR ifike Dodoma mwaka 2024, ingawa wapo mabosi ambao bado wanaisafirisha timu kwa basi usiku kucha ili wakwepe gharama ya hoteli, kisha wanauliza kwa nini vijana wamechoka kipindi cha pili.

Sasa angalia dirisha kubwa, lile la usajili kabla ya msimu, linapofunguliwa. Mmiliki hutanguliza kinachoonekana: ada ya usajili na picha ya mshambuliaji ameshika jezi mpya. Ada ya milioni 18 kwa mtu mmoja ni sawa na mishahara ya wachezaji kumi kwa miezi mitatu. Ada inalipwa mara moja na kupigiwa makofi, lakini mshahara unadaiwa kila mwisho wa mwezi na hakuna anayeupigia picha. Kufika Oktoba mshahara umechelewa wiki mbili. Desemba hakuna mshahara kabisa, kuna "vumilieni".

Madhara yake hayaonekani kwenye msimamo siku hiyo hiyo. Yanaonekana Jumanne mazoezini, wanapofika wachezaji 14. Wengine hawana nauli ya bodaboda, wengine wamerudi kwao, na wengine wanasingizia nyama za paja kwa sababu hawataki kuumia wakiwa wanadai. Ukiwa na 14 huwezi kucheza kumi na moja kwa kumi na moja, kwa hiyo kocha anapanga saba kwa saba nusu uwanja. Kona hazifanyiwi mazoezi kwa sababu ukishaweka wapigaji, wakabaji hawatoshi. Mchua misuli hana plasta ya kufungia vifundo, na barafu inanunuliwa kwa hela ya mfukoni ya meneja wa timu. Rudia kuangalia mabao tuliyofungwa msimu huu: mengi ni mipira ya kutenga, yaani kona na faulo, na mengi ni baada ya dakika ya 70. Hiyo ndiyo Jumanne tunayoisema. Leteni kocha yeyote mnayemtaka, mkimpa wachezaji 14 atafungwa vilevile.

Wamiliki wengi wanamwona mchezaji anayedai kuwa mkorofi. Wasome kifungu cha 14bis cha kanuni za FIFA za hadhi na uhamisho wa wachezaji. Klabu ikishikilia mishahara ya miezi miwili kinyume cha mkataba, mchezaji anaiandikia notisi ya siku zisizopungua 15, na zikipita bila kulipwa ana sababu halali ya kuvunja mkataba na kudai fidia. Mchezaji wa kigeni anaweza kulipeleka suala lake FIFA, na mzawa analipeleka kwenye vyombo vya TFF, shirikisho letu la soka. Klabu isipolipa kilichoamuliwa na FIFA, inafungiwa kusajili, hadi madirisha matatu mfululizo, na kufuli linafunguka deni likilipwa. Ndivyo deni la mtu aliyekwishaondoka linavyokuzuia kusajili beki wa kushoto dirisha dogo la katikati ya msimu. Leseni ya klabu ya CAF, shirikisho la soka la Afrika, nayo ina vigezo vya aina tano: michezo, miundombinu, utawala, sheria na fedha. Kwetu watu wanahangaika na vyumba vya kubadilishia nguo na vyoo vya jukwaa, kigezo cha fedha wanakikumbuka barua ikishafika.

Kuna watakaosema basi pigeni kura mumtoe. Kura ipi? Simba na Yanga wana wanachama, na utaratibu wa Serikali kupitia BMT, Baraza la Michezo la Taifa, ni kwamba klabu ya wanachama ikikaribisha mwekezaji, wanachama wabaki na asilimia 51 na yeye asizidi 49. Timu nyingine nyingi za ligi zetu ni za majeshi, halmashauri, viwanda au watu binafsi. Huko shabiki ana jezi na tiketi, basi. Singida United ilipanda Ligi Kuu mwaka 2017 na kushuka 2020. Timu ya DTB ikawa Singida Big Stars mwaka 2022, mwaka uliofuata ikaitwa Singida Fountain Gate, kisha ikabaki Fountain Gate na kuhamia Babati. Ihefu iliyotokea Mbarali, Mbeya, ikaja Singida, ikawa Singida Black Stars. Hatusemi kuna aliyevunja sheria, na Singida bado wana timu Ligi Kuu. Ila jina na makao ya timu viko mikononi mwa mwenye timu, na sisi wa kanda ya kati tumeshuhudia.

Kwa hiyo shabiki mwenzetu, anza kwa kujua timu ni ya nani kwenye karatasi. Ikiwa ni kampuni, omba upekuzi BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, utaonyeshwa wanahisa na wakurugenzi. Ikiwa imesajiliwa kama chama, ina katiba kwa Msajili wa Vyama vya Michezo. Tafuta kifungu cha mkutano mkuu na kile cha taarifa ya fedha. Ikiwa ni ya halmashauri, bajeti yake inapita Baraza la Madiwani, na diwani wako anaulizika hata kilabuni. Hapo kumbuka pia kwamba mwaka wa fedha wa Serikali unaanza Julai 1, wakati ule ule timu zinaposajili na kwenda kambini, makusanyo yakiwa bado machanga.

Kwa mmiliki wetu tunaomba mambo machache. Kabla ya dirisha kubwa, afungue akaunti ya mishahara peke yake na kuweka fedha za miezi mitatu, ambazo kwa mfano wetu ni milioni 66, na mmoja wa watia saini asiwe ndugu yake wala mwajiriwa wake. Atangaze madeni ya klabu, kiasi na tarehe, hata kama majina ya wanaodai hayatajwi. Kinachobaki ndicho asajilie. Kikosi cha 24 badala ya 28 kinaokoa 2,400,000 kwa mwezi, milioni 24 kwa miezi 10, karibu safari nne za Mbeya. Nafasi za mwisho benchi zijazwe na vijana wa chini ya miaka 20, ambao wanalilia dakika kumi tu.

Tunajua jibu lake: hela ni yake mwenyewe. Ni kweli, na bila yeye huenda tungekuwa ligi ya mkoa. Lakini zipo klabu ambazo fedha za mmiliki huandikwa vitabuni kama mkopo, na siku akichoka anaondoka akiidai timu aliyokuwa akiiongoza. Atuambie kwa maandishi, kabla kocha mpya hajasaini: kila shilingi aliyoiweka tangu achukue timu ni mtaji, ni msaada, au ni deni?

Mashabiki wa mzunguko,
Uwanja wa Jamhuri, Dodoma