Barua ya wazi kwa wazazi wenye watoto wanaocheza michezo ya shule

Wazazi na walezi, wanangu,

Nawasalimu nyote mnaojiandaa kuwatoa watoto waende kambini kwa ajili ya UMITASHUMTA na UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za msingi na za sekondari. Najua nyumba zilivyo wakati huu: raba zinatafutwa, soksi zinaazimwa kwa binamu, na mtoto ambaye siku zote huamshwa kwa kelele sasa anawahi kuamka kuliko mama yake.

Nilifundisha netiboli shuleni hadi nikastaafu, na sasa nina mjukuu wa kike kidato cha tatu anayecheza senta. Ninalo jambo moja la kuwaambia: angalieni sana mnajivunia nini kwa mtoto, kwa sababu mtoto hukimbilia kule anakoona uso wa mzazi wake unang'aa.

Mtoto akirudi kutoka mechi, nyumba nyingi humpokea kwa swali moja: umefunga mangapi? Senta hafungi. Katika netiboli wachezaji saba wanaingia uwanjani na wawili tu ndio wanaoruhusiwa kufunga, wale wenye herufi GS na GA kifuani. Senta hata kukanyaga ndani ya nusu duara la goli haruhusiwi. Kazi yake ni kukimbia huku na huku, kupokea, kuachia mpira kabla ya sekunde 3 kwisha, kisha kukimbia tena. Magoli yakitangazwa, jina lake halisikiki. Sasa mtoto wa namna hiyo ukimuuliza magoli kila Jumamosi, unamfundisha nini kuhusu jasho lake?

Mimi ninachojivunia kwa mjukuu wangu ni hiki. Alipoingia kidato cha kwanza, akiulizwa jambo na mtu mzima alikuwa anaziba mdomo kwa kiganja. Kwenye hesabu alikuwa radhi aache ukurasa mweupe kuliko kuandika jibu la kukosea. Uwanjani hakupata pa kujificha. Sekunde 3 zikipita mpira uko mkononi, filimbi inalia, mpira unakwenda kwa wapinzani. Ikambidi ajifunze kuamua, akosee mbele ya watu, na papo hapo arudi kukaba. Mwaka jana wenzake wakamchagua nahodha. Nimemwona kwa macho yangu akimfuata mwamuzi na kumuuliza jambo kwa adabu, kichwa juu, sauti inasikika. Na daftari lake la hesabu siku hizi limejaa wino mwekundu wa mwalimu, vema kwa kosa, lakini kurasa nyeupe hazimo tena. Sisemi netiboli imemfundisha hesabu, hiyo ni kazi ya mwalimu wake na ninamshukuru. Ila woga ulikuwa ni ule ule mmoja, na ulianza kumtoka uwanjani.

Wako kati yenu wanaosema asome kwanza, michezo itamngoja. Hofu hiyo naielewa, na si mpya. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mashindano haya ya shule yaliwahi kusimamishwa kwa hoja hiyo hiyo ya kulinda masomo. Lakini mtazameni Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch mwaka 1974: baada ya mbio, yeye na mkewe walijenga shule. Suleiman Nyambui alisoma Chuo Kikuu cha Texas kule El Paso huku akikimbia. Mwaka 1980, Moscow, kila mmoja wao alipata medali ya fedha, na hadi leo ninapoandika hizo mbili ndizo medali zote za Tanzania katika Olimpiki. Kitabu na uwanja havikuwa na ugomvi kwao.

Ugomvi mara nyingi unaletwa na ratiba ya nyumbani. Mtoto anatoka mazoezini saa kumi na mbili jioni, amechoka. Wa kiume anaoga, anakula, anafungua daftari. Wa kike anakuta vyombo vya mchana, ndoo tupu, na mdogo wake wa kubembeleza. Matokeo yakija mabaya tunasema mpira umemharibu. Wanangu, hilo si haki. Gawaneni kazi za jioni, na kaka naye ashike ndoo, ili binti apate saa yake ya kusoma kabla usingizi haujamzidi.

Sasa nije kwenye lile linaloniuma zaidi, la vijeba na mamluki. Kila msimu utasikia mtoto amepunguziwa miaka, au kijana aliyemaliza shule amevalishwa jezi ya shule isiyo yake, na mzazi anajua. Mwaka 2019 mashindano ya Afrika ya vijana chini ya miaka 17 yalichezwa hapa kwetu Dar es Salaam. Guinea ilifika fainali, kisha ikaondolewa kwa udanganyifu wa umri na nafasi yake ya Kombe la Dunia ikaenda Senegal. Fikirieni watoto wale ambao umri wao ulikuwa halali, waliotoka jasho lao la kweli. Mzazi anayebadilisha cheti cha kuzaliwa anamwambia mwanawe kwamba yeye alivyo hatoshi. Sijui medali gani itamwondolea mtoto neno hilo.

Na haraka ni ya nini? Alphonce Simbu alipata shaba ya marathoni kwenye mashindano ya dunia London mwaka 2017. Dhahabu ikaja Tokyo, Septemba 2025, kwa tofauti ya sekunde 0.03. Katikati hapo ni miaka minane ya mtu mzima, mwanariadha kamili. Wewe wako ana miaka kumi na minne, tayari unamnunia kwa sababu hakuchaguliwa timu ya mkoa.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, basi nendeni mkawatunze. Mechi za kata ziko karibu na nyumbani na hazina kiingilio, lakini kandokando ya uwanja nimezoea kuona akina mama wachache na watoto wadogo. Akina baba, nanyi njooni. Msimzomee mwamuzi, msimfokee mtoto wa mwenzenu aliyekosa goli. Mwalimu wa michezo mpelekeeni hata dumu la maji, maana wengi wao wanatoa mfukoni. Na mtoto akirudi, muulizeni kwanza nani alimpa pasi nzuri leo, kisha mwacheni aeleze mechi yote anavyotaka yeye.

Ni mimi bibi yenu,
Mwalimu mstaafu wa michezo